Kwa Kamati Iliyoiacha Nordby Nje kwa Kosa la Kuwa na Majirani

Nordby, Dakota Kusini
Jumatatu, siku moja baada ya mliyotutenda

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Uteuzi, Mashindano ya Mpira wa Kikapu ya Vyuo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na umelala vizuri. Mimi sijalala, na sababu ni wewe, lakini nimelelewa kusalimia kwanza.

Naitwa Verlin Aschenbrenner, mkulima wa soya, na kwa miaka mingi ndiye ninayeendesha saa ya ubao wa matokeo katika ukumbi wa Chuo cha Nordby. Mjukuu wangu Tobin ni nahodha wa timu, na huu ni mwaka wake wa mwisho. Mwezi wa Mei anamaliza masomo, anaanza kuuza mbolea kwa mjomba wake, na mpira wake unaishia hapo. Tangu akiwa mdogo ana hamu moja tu: kucheza mashindano yenu ya Machi, hata mara moja, hata kama watafungwa siku ya kwanza warudi kwa basi lilelile.

Msimu huu tulishinda michezo ishirini na saba. Kisha kwenye fainali ya ligi yetu tukafungwa na Kettle Bluff kwa kikapu kimoja. Mpira wa mwisho wa Tobin ulizunguka kwenye ringi, ukafikiri, ukatoka. Sheria naijua: bingwa wa kila ligi anaingia moja kwa moja, na nafasi zinazobaki mnazigawa ninyi mkiwa mmejifungia hotelini. Kwa hiyo jana mji mzima tulijazana ukumbini kuwatazama kwenye televisheni mkitaja majina. Palikuwa na viazi vilivyookwa na nyama, palikuwa na jeli ya kijani yenye karoti ndani, na vijana walikaa mstari wa mbele wamevaa jezi. Mkataja jina la mwisho, na halikuwa letu. Tobin akasimama, akaanza kukunja viti.

Niliumia, Mheshimiwa, na bado naumia. Ndiyo maana naleta malalamiko yafuatayo kwa heshima zote.

1. Mjumbe wenu alieleza kwamba Nordby ni timu nzuri, ila iko katika ligi dhaifu, kwa hiyo ushindi wake hauna uzito. Mimi soya yangu nikiipeleka ghalani huwekwa kwenye mizani. Hakuna aliyewahi kuniuliza jirani yangu amevuna nini, na nashukuru, kwa sababu jirani yangu ni Dwight, ambaye magugu yake ni marefu kuliko yeye mwenyewe. Kwa hesabu yenu, gunia langu lingekuwa nusu gunia kwa sababu ya Dwight. Nimemweleza. Amekasirika, lakini si sana.

2. Chuo Kikuu cha Lorimer, kilicho katika ligi kubwa, kimefungwa mara kumi na tatu, nacho ndicho kilichopewa nafasi ya mwisho, ile tuliyokuwa tunaingoja sisi. Mjumbe wenu akasema bila kucheka, "Ni kweli wamefungwa, lakini angalia wamefungwa na nani. Wamefungwa na watu wa maana." Kumbe kuna vipigo vya heshima. Basi naiomba Kamati ituruhusu kubadilishana: tutoe ushindi wetu kumi, tupewe vipigo vitatu vizuri. Tuko tayari kufungwa na yeyote mtakayemchagua, siku yoyote isipokuwa Jumatano, ambayo ni siku ya kwaya.

3. Mnatuambia tucheze na wakubwa. Kocha wetu, Bwana Brandvold, aliwapigia simu hao Lorimer wakati wa kiangazi akawaalika Nordby. Msaidizi wa kocha wao akamjibu, "Kaka, tusidanganyane. Tukiwafunga hatupati kitu, mkitufunga tumekwisha. Sasa hapo tuje kufuata nini, jeli?" Kwa hiyo wakubwa hawaji kwa sababu wanatuogopa, na ninyi mnatuita wadogo kwa sababu wakubwa hawaji. Nilimpelekea Mchungaji Halvorsen jambo hili, nikamuuliza kama na sala za kanisa dogo hupunguzwa uzito zikifika juu. Akasema, "Verlin, nenda kalale." Nimelihesabu hilo kuwa ni ndiyo.

4. Hesabu zenu zimeshaingia nyumbani kwangu. Jana usiku nilimwambia mke wangu, Marlys, kwamba mimi naujua ushindi wa haki, kwa sababu niliwashinda wengine nikampata yeye. Akasema, "Ulimshinda Dwight peke yake, mzee. Tena ulikuwa kwenye uwanja wa nyumbani, na mwamuzi alikuwa mama yako." Kwa kipimo cha Kamati, ndoa yangu ni ushindi usio na uzito na haistahili kuendelea. Naomba mniandikie kama nihame au nisubiri msimu ujao.

5. Hili linaniuma kuliandika, lakini haki ni haki. Ligi yetu si dhaifu, na ushahidi ni Kettle Bluff. Hao ni watu wa ng'ambo ya mto, wanaoegesha magari juu ya nyasi za kanisa letu na kusema hawakuona nyasi. Lakini timu yao ni ngumu. Desemba walikwenda Lorimer, mbele ya mashabiki wa Lorimer, wakafungwa kwa pointi moja tu, tena kwa sababu kijana wao alikosa mitupo miwili ya adhabu mwishoni kutokana na kelele fulani nyuma ya kikapu, ambayo hawezi kulaumiwa kwayo. Leo timu hiyo, bingwa wetu, mmeipa namba kumi na tatu katika orodha ya ubora, yaani ianze na mmoja wa vigogo, huku Lorimer wakipewa namba kumi na moja wakae kivulini. Ni tusi kwa ligi nzima. Bingwa wetu anastahili heshima, na aliyefungwa na bingwa huyo kwa kikapu kimoja anastahili heshima hiyohiyo pamoja na nafasi.

Ninachoomba si kikubwa. Mkikutana tena, yafuteni majina ya ligi kwenye karatasi zenu, mtazame mpira wenyewe. Au ongezeni nafasi moja mwaka huu. Tobin ni mwembamba, hatawabana.

Wasalimu wajumbe wote, pamoja na mhudumu wa hoteli aliyewaletea kahawa mlipokuwa mnatukata. Marlys anawasalimu. Mchungaji Halvorsen anawasalimu na kuwaombea, kwa uzito wowote mtakaompa. Dwight naye anawasalimu. Aliuliza kwa nini, nikamwambia asalimie tu.

Wako katika mpira na katika huzuni,

Verlin Aschenbrenner
Mwendesha saa, Nordby

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeitazama tena ile namba kumi na tatu ya Kettle Bluff. Iko juu mno. Tafadhali washusheni. Wamemfunga nani hao? Vitimu vya ligi yetu tu, sisi tukiwamo. Alhamisi wanacheza, nami nitasafiri kama nilivyosafiri Desemba kwenda Lorimer, nikae palepale nyuma ya kikapu na kengele yangu ya ng'ombe. Marlys, aliyekuwa anachungulia barua hii, anasema yule kijana angeingiza mitupo yake miwili, Lorimer wangekuwa nje, ligi yetu ingepanda, na Tobin sasa hivi angekuwa anafunga begi. "Mlango wa mjukuu wako umeufunga wewe, mzee," anasema, "tena ukiugongea kengele." Nimelitafakari hilo kwa kipande kizima cha pai. Tobin mwenyewe anataka twende pamoja, na safari hii tuwashangilie Kettle Bluff, kwa faida ya wadogo zake watakaocheza mwakani. "Babu, wakishinda wao, tunaonekana sisi," ameniambia, na alivyoniangalia sikuweza kukataa. Kwa ajili yake nimeisokomeza soksi ndani ya kengele. Soksi ni yangu, Mheshimiwa, na ni rahisi kuivuta.