Nyanya za Muuguzi

Jumamosi, 8 Machi
Bustani imezinduliwa! Jalala la nyuma ya jengo letu sasa ni matuta. Wazo langu. Niliwaambia wapangaji kwamba tukilima pamoja tutafahamiana, maana tunapishana ngazini kama abiria stendi. Wakapiga makofi. Kisha wakamchagua muuguzi mstaafu wa chumba cha chini awe mwenyekiti. Mimi nikapewa kutunza ndoo. Ndoo!

Alhamisi, 8 Mei
Nyanya za muuguzi zimeiva. Zangu zimedumaa. Mume wake, dereva wa zamani aliyepooza upande mmoja, hakuwa akitoka ndani tangu augue. Sasa anashinda bustanini kwenye kiti cha plastiki, akiita kila apitaye aje aone. Anacheka! Wapangaji wanamzunguka. Inakera. Nimempa shikamoo yake kwa heshima zote, nikaenda dukani kununua chumvi.

Jumanne, 13 Mei
Chumvi imefanya kazi. Majani yamesinyaa. Muuguzi anadhani ni ugonjwa. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikajitolea kukaimu uenyekiti. Akasema ataangalia.
Mchana mvua kubwa. Tuta lake liko juu, matuta yetu sisi wengine yako chini. Hilo sikuliwaza.

Ijumaa, 16 Mei
Bustani nzima imeungua kwa chumvi. Tuta langu lilitangulia. Mzee hatoki tena. Muuguzi amenikuta ngazini, akasema mumewe hagusi chakula, amegeukia ukutani tu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyeanzisha haya mambo. Nyanya hazitaota tena kweli?"
Nilitaka kusema. Mdomo ulishafunguka. Nikamshauri aongeze mbolea.

Jumatano, 21 Mei
Mzee amefariki. Kilio cha muuguzi kilifika hadi kwetu ghorofa ya juu. Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 24 Mei
Tumemzika. Jengo zima lilikuja. Fundi umeme na mwalimu wa ghorofa ya pili, ambao hata salamu walikuwa hawapeani, waliosha vyombo kwenye beseni moja. Muuguzi alinishika mikono yote miwili mbele za watu. Alisema bila bustani yangu mumewe angekufa bila jirani hata mmoja kumjua. Nikalia. Machozi ya kweli, hadi kamasi. Watu wote waliona.
Tukiwa njiani kurudi nikapata wazo. Muuguzi amefiwa, hawezi kuongoza kitu kwa sasa. Na kwa machozi yale, nani ataninyima kura? Kesho asubuhi naanza kugonga milango.
Tishio ni mwalimu. Ana mchicha kwenye makopo dirishani, umestawi kupita kiasi, na watu wameanza kuusifia. Nimeshaulizia duka linalouza dawa ya kuua magugu.