Maombi ya Kuandikisha Kinyama cha Begani kwenye Kadi ya Bima

Protasi Niyibizi,
Mpakiaji wa mizigo,
Njia panda ya Nyakanazi,
Biharamulo.

Ndugu Mkuu wa Mfuko wetu wa Bima ya Kaya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu ni ndefu kidogo, na mimi naiandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya gunia. Mimi ni mtu wa Ngara, lakini kwa miaka mingi sasa napakia na kupakua malori hapa Nyakanazi. Nyumbani naenda Krismasi, na Pasaka kama nauli ipo. Shule niliishia darasa la tano, hivyo nikikosa adabu mahali nivumilie.

Begani kwangu kulia, pale gunia linapokaa, kimeota kinyama. Kilianza kama punje ya mtama, sasa ni kama karanga. Kila gunia likikigusa kinatoa damu. Bega la kushoto halibebi tangu nilipoanguka kutoka kwenye lori. Nyapara wetu, Wiston, ameniambia wazi kwamba wenye mchele hawataki magunia yenye damu, na kwamba nikichafua jingine nikauze maji ya chupa. Ndiyo maana nilikwenda hospitali moja, ambayo siitaji jina kwa sababu bado nina mwili na huenda nikaihitaji. Malalamiko yangu ni haya.

1. Bei. Karani wa dirisha la bima, dada mmoja mwenye kucha ndefu za rangi, alinieleza kwamba asiye na bima anatolewa kinyama kwa shilingi elfu sitini. Nikafurahi, nikatoa kadi. Akasema kwa mwenye bima ni elfu sitini na tano. Hiyo elfu tano ni ya fomu inayothibitisha kwamba bima hailipi. Nilimwomba arudie, akarudia bila kucheka. Kwa hiyo mimi ninayechangia kila mwaka nimejinunulia kwa jasho langu haki ya kulipa zaidi kuliko jirani asiyechangia. Sijaona duka jingine linalofanya biashara hiyo hapa njia panda, na hapa wezi tunao wa kila aina.

2. Neno. Nilipouliza kwa nini bima hailipi, aliandika kwenye fomu yangu neno moja: "ulembo". Huku kwetu r na l zinapishana midomoni, hilo silaumu. Lakini mwalimu wangu alinichapa sana kwa ajili ya herufi hizo, na nilitaka fimbo zile zinifae japo mara moja. Nikamwambia, dada, ni urembo, kwa r. Akanishukuru, akafuta, akaandika vizuri, kisha akasema: haya baba, umekubali mwenyewe kuwa ni urembo, weka sahihi hapa. Nikaweka. Hivyo mimi, mwenye shati moja la kazi na kandambili za rangi mbili tofauti, nimo kwenye kompyuta yenu kama mtu anayetafuta uzuri. Wenzangu wamepata habari. Nikipita na gunia, Niyonsaba ananiita Miss Nyakanazi, na mama Tecla anayetuuzia ugali ananiuliza kama leo nitakula au nalinda umbo.

3. Washindani wako. Dereva mmoja wa lori la Burundi amenipa maji ya betri nipake. Mama Tecla anashauri nikifunge kinyama kwa singa ya mkia wa ng'ombe hadi kikauke. Hao wawili hawakuniuliza kadi.

4. Hoja yangu kuu. Kadi yetu ina nafasi sita. Mimi, mke wangu Marsiana na watoto watatu ni watano. Nafasi ya sita naichangia ikiwa tupu. Kijikaratasi chenu kinasema mtegemezi ni yule anayeishi na mwanachama na kulishwa naye. Kinyama hiki kinaishi nami kuliko Marsiana, ambaye yuko Ngara. Kinalishwa nami, tena kinanenepa wakati watoto wanakonda. Naomba kiandikishwe. Kuanzia hapa namwita yeye, maana si vizuri mtu wa nyumbani kuitwa "hicho". Jina lake ni Ndizeye, ambalo kwetu ni kusema nina tumaini.

5. Tiba yake. Akishaandikishwa, Ndizeye ni mgonjwa. Ana uvimbe mkubwa uliomshika upande mmoja, unaomtoa damu na kumgongesha magunia kutwa. Uvimbe huo ni mimi. Naomba bima ilipie kumwondolea. Hapo sidhani kama karani ataandika urembo. Mtu aliyeota mpakiaji mzima hatafuti uzuri, anatafuta kupumua.

6. Akifa wakati wa upasuaji, huo ni msiba. Nitahitaji ruhusa ya kuomboleza bila Wiston kununa, na wapakiaji watachanga rambirambi. Nadhani hapo ndipo itakapopatikana ile elfu sitini na tano.

Nakuomba unijibu kabla ya mavuno ya mpunga, magunia hayajaongezeka. Wasalimie wote ofisini: dada wa dirishani na kucha zake, mlinzi aliyenionyesha choo, na yeyote aliyebuni ile fomu. Marsiana na watoto nao wangekusalimu, ila hawajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mchangiaji wako asiyekosa, mrembo kwa mujibu wa fomu,

Protasi Niyibizi

N.B. Kabla sijaituma barua hii, gunia la chumvi limeniteleza begani likaondoka na Ndizeye. Nimepelekwa hospitali ileile, dirisha lilelile, kwa dada yuleyule. Amesema jeraha la kazini bima inalilipa lote: sindano ya ganzi, nyuzi na dawa. Nimeshonwa na daktari ambaye angenikata, na shilingi haikunitoka. Dada aliniuliza jambo moja tu la kujaza fomu: kabla ya gunia kuteleza, hapo begani palikuwa na nini. Nikamtazama machoni, nikajibu kwamba hapakuwa na kitu. Kwa hiyo maombi yote hapo juu naomba uyafute. Hayamhusu mtu yeyote.