Kilo Mbili na Nusu za Kemia

Jumapili, 6 Agosti 2006

Mabanga, kwa dada yangu Rosaline. Kikao cha familia baada ya kanisa. Habari kubwa. Binti yake, Nasimiyu, ameitwa Nairobi kusomea shahada ya pili. Kemia ogania. Nimeuliza ni nini. Ati ni kemia ya vitu vyenye kaboni. Nimeuliza ni vitu gani. Ati karibu kila kitu, hata mahindi. Vizuri. Basi ni biashara yangu.

Tatizo moja. Wiki ya kwanza kuna mtihani, na anayeanguka anapoteza nafasi. Hakuna kurudia. Kwa hiyo aende akiwa amekisoma kitabu kimoja kizuri cha kiwango hicho. Rosaline alisema haya akiwa ameshika leso. Mumewe alifariki mtoto akiwa kidato cha pili. Amefika hapa kwa kuuza maziwa.

Nikasimama. Nikasema kitabu ni juu yangu. Mimi ndiye khocha, kaka wa mama. Kwetu mkono wa mjomba hutangulia.

Bramwel akacheka. Huyu ni ndugu wa marehemu, anafundisha kemia sekondari hapo Bungoma, na hushika chaki hata akiwa likizo. Akasema, "Shemeji Mukhisa, kwanza jua tofauti ya alkoholi ya maabara na chang'aa." Watu wakacheka. Mke wangu Viola pia! Nimewakumbuka wote waliocheka.

Bramwel akasema yeye naye ataleta chake siku ya sherehe, tarehe kumi na tisa, na Nasimiyu abebe kilicho bora.

Nasimiyu akataka kutaja jina la kitabu anachokihitaji. Nikainua mkono kumzuia. Mjomba hatajiwi zawadi. Mimi niliacha shule darasa la saba, nikaanza na kopo moja tu, gorogoro ya mahindi, leo nina maghala mawili Kitale. Hakuna siku niliambiwa mahindi mazuri ni yapi.

Jumatatu, 7 Agosti

Kitale. Nimeenda kwa Nderitu, anayeuza vitabu vilivyotumika nyuma ya soko. Anashona pia mikoba ya shule na kuchaji simu. Kuhusu kemia hajui lolote, na hilo nimelipenda. Hawezi kunidanganya.

Ana vitabu viwili tu vya kemia ogania. Nimevipima kama ninavyopima gunia. Gunia halipimwi kwa kutazama juu. Unadunga bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, unatoa mbegu za juu, za kati na za chini, ndipo unanunua.

Kitabu cha kwanza. Jalada gumu, linang'aa. Kurasa 1,284. Nimefungua juu: kinaeleza atomu ni nini. Kinaanzia mwanzo, kama mtu mwenye adabu. Nimefungua kati: picha za rangi. Chini: majibu ya maswali yote. Safi kabisa. Hakuna aliyewahi kukifungua.

Kitabu cha pili. Jalada la karatasi, kona zimeliwa. Kurasa 412. Juu: kinaanza na maneno "kama tujuavyo tayari". Nani anajua? Mimi sijui! Kati: maumbo ya pembe sita yamebanana kama sega la nyuki, na mishale inayopinda kila upande kama mtu anayemwelekeza bodaboda asiyesikia. Chini: maswali bila majibu. Mwandishi mwenyewe ameshindwa. Halafu mtu amekiandika kwa penseli pembeni, ukurasa baada ya ukurasa. Kwangu gunia lililotobolewa hivyo linarudishwa kwa mwenyewe.

Nimevipeleka kwenye mizani ya ghala. Cha kwanza, kilo mbili na gramu 540. Cha pili, gramu 600. Nimepiga hesabu. Kile kikubwa kina karibu gramu mbili kwa kila ukurasa. Kile kidogo hakifiki moja na nusu. Hata karatasi yake ni nyepesi. Uamuzi haukuchukua muda.

Viola akauliza kwa nini nisimpigie tu Nasimiyu. Nikamwambia mwanamke hawezi kuelewa ununuzi. Akanikumbusha kwamba nguo zangu zote, pamoja na niliyovaa, amenunua yeye. Shati linanibana kidogo hata hivyo.

Jumatano, 9 Agosti

Kitabu nimekichukua. Nderitu amekivalisha karatasi ya nailoni. Nimekificha ghalani kati ya magunia, mahali ambapo hata mimi nahitaji taa.

Saa nne Nderitu amenipigia. Mwalimu mmoja mrefu kutoka Bungoma amepita akiuliza vitabu vya kemia, ameahidi kurudi kesho. Ana chaki mfukoni. Bramwel!

Nimewaza. Akirudi akakosa, ataenda Eldoret, na Eldoret kuna maduka makubwa. Anaweza kupata kizito kuliko changu. Hapana. Lazima anunue Kitale.

Mpango umenijia nikinywa chai. Auziwe kile cha penseli.

Siku ya soko nisingepata nafasi. Leo hapakuwa na wateja. Nimeenda kumfundisha Nderitu. Asimpe mara moja. Mwalimu ukimnyima kitu atakitaka. Aseme kimewekwa kwa ajili ya profesa. Aseme profesa amechelewa. Ashike kichwa. Halafu akubali kwa shingo upande.

Nderitu akauliza, si hicho ndicho ulisema ni takataka, bana? Nikasema ndiyo, na ndiyo maana. Akacheka muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nimemwachia debe la maharagwe kwa kazi hiyo.

Alhamisi, 10 Agosti

Ripoti ya Nderitu. Mpango umefaulu kama ulivyopangwa!

Bramwel alikifungua. Akasoma zile penseli, ukurasa hadi ukurasa, akiwa amesimama. Nderitu alipoanza kushika kichwa na kumtaja profesa, Bramwel hakumsikiliza hata. Akatoa simu akampigia Nasimiyu palepale dukani, akamsomea maneno ya jaladani. Nderitu anasema msichana alipiga kelele kwenye simu hadi yeye akaisikia akiwa upande wa pili wa meza.

Maskini. Nimemhurumia. Lakini heri ajue mapema ni nani wa kutegemea katika ukoo huu.

Bramwel alikilipia bila kupunguziwa na akatoka akipiga mluzi. Mtu akiaibika hupiga mluzi.

Jumanne, 15 Agosti

Balaa. Kijana wa ghala alinyunyiza dawa ya fukusi kwenye magunia yote ya upande ule. Kitabu pia. Nailoni ilikuwa wazi juu. Nimekifungua, nikapiga chafya hadi machozi.

Sikubabaika. Nimekianika juani kwenye turubai pamoja na mahindi, na kukigeuza kila baada ya muda ili kikauke sawasawa. Jioni kurasa zimejikunja kwa raha. Unene umeongezeka vidole viwili. Uzito umeshuka gramu arobaini. Huo ni unyevu. Sasa ni kilo mbili na nusu kamili, na kinaweza kukaa miaka mitatu bila kuoza. Sijui kama kuna mwanafunzi mwingine Nairobi mwenye kitabu kilichokaushwa.

Harufu imebaki kidogo. Viola amesema ni nyingi. Pua ya Viola tangu zamani ni ya ugomvi.

Jumamosi, 19 Agosti

Mabanga. Nitaandika yote, kisha nilale.

Mwaka huu ni wa tohara, mahema yote ya Bungoma yamekodiwa kwa wanaotahiri. Tumekaa chini ya turubai zangu mbili za mahindi. Nilihakikisha mfawidhi wa sherehe amelitangaza hilo. Amelitangaza mara mbili.

Nimewekwa meza ya mbele, mjomba anavyostahili. Bramwel upande wa pili. Kati yetu Nasimiyu na gauni jeupe.

Nilitangulia. Nilikuwa nimekuja na mizani ya kuning'iniza. Nikaifunga kwenye nguzo ya turubai mbele ya watu wote. Kitabu kikapanda. Nikasoma kwa sauti: kilo mbili na nusu! Makofi. Wazee wa Matulo, wa upande wetu, walisimama. Nikasema mwenye kingine alete tupime.

Bramwel akaja polepole. Mizani karibu isisogee. Gramu 600. Watu wakaguna. Nilikuwa mtu mwenye furaha. Naandika hivyo kwa sababu haikudumu.

Nasimiyu alikitoa kile kidogo kwenye ndoano, akakifungua, akagusa zile penseli. Akaanza kulia. Nikaenda kumfariji. Nikamwambia asijali, changu kipo. Akasema, "Mjomba, hiki ndicho. Hiki ndicho nilitaka kukutajia siku ile." Ati aliyekiandika pembeni ametatua kila swali ambalo kitabu hakikulijibu, hatua kwa hatua. Ati mishale ile ni safari ya elektroni, na mtihani wote ni mishale. Mama yake akakishika pia, ingawa hajui kinasema nini, akakifunga kwa ile leso yake.

Kisha Nasimiyu akafungua changu. Akapiga chafya. Akapiga tena.

Bramwel akachukua kipaza sauti. "Shemeji, asante. Hiki chako ni cha mwaka wa kwanza. Hiki kinafundisha atomu ni nini. Huyu mtoto atomu alizimaliza kitambo."

Nimefikiri haraka. Heshima ilikuwa inaondoka, lakini kulikuwa na mlango. Nikasimama. Nikasema jamani, kile kidogo kilitoka wapi? Kwa Nderitu, Kitale. Na nani aliagiza Bramwel auziwe kile? Mimi! Kwa hiyo vitabu vyote viwili ni vya mjomba.

Watu wakaanza kunipigia makofi, wachache.

Bramwel akangoja yaishe. Akasema ni kweli, Nderitu alimwambia. Alimwambia pia maneno yangu kamili: "Muuzie ile takataka." Na kuhusu profesa. Na maharagwe.

Sijawahi kusikia Mabanga ikicheka hivyo. Wazee wa Matulo walikaa chini. Mmoja alilazimika kushikiliwa.

Rosaline peke yake hakucheka. Akaja mpaka nilipokuwa, akaongea chini chini ili wageni wasisikie. Akasema, "Kaka, kama Bramwel asingeleta kile kidogo, na huyu akasoma lile gunia lako, angeenda kuanguka huko. Miaka yangu yote ya maziwa ungeiweka kwenye mizani?"

Nikamwambia mizani haikuwa na makosa. Akaniangalia. Akaniambia niende nikasaidie kugawa nyama.

Nimegawa nyama. Kwa haki. Bramwel nimempa shingo.

Jumapili, 20 Agosti

Sikuenda kanisani. Tumbo.

Viola ameenda. Amerudi akasema watu wote wameniulizia, wakicheka. Nderitu amenitumia salamu na kuuliza kama nina maharagwe mengine. Nimezima simu.

Nimerudia hesabu zangu zote. Ni sahihi. Kurasa mara tatu, uzito mara nne. Kosa si langu. Kosa ni la kemia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nasimiyu amepiga simu kutoka Nairobi. Amepita! Wa pili katika darasa zima. Rosaline alikuwa ameshapigiwa, na Bramwel pia. Mimi wa tatu. Nimelitia akilini hilo, lakini nimefurahi, na nikasimamisha upakiaji wa mahindi kwa dakika nzima.

Kisha akasema jambo. Chuo kimempa wanafunzi wa mwaka wa kwanza awasaidie maabara. Themanini. Kitabu chao ni kipi? Changu! Kilekile! Kiko juu ya meza ya maabara, kila mtu anakifungua. Amesema hata harufu imepungua, au wamezoea. Akaniambia, "Mjomba, asante, sikuwa nimekuambia asante." Sauti yake ilikuwa ya kweli. Nimelazimika kutazama upande wa magunia.

Sasa tuhesabu. Kitabu cha Bramwel kinasomwa na mtu mmoja. Changu na watu themanini, mwakani themanini wengine. Nimempigia Bramwel nikamweleza. Akasema, "Haya shemeji, umeshinda," na nyuma yake nikasikia darasa zima likicheka. Amekubali mbele ya mashahidi.

Mchana nimeenda kwa jirani yangu Kipsang. Kijana wake ameitwa kusomea uhandisi wa madaraja. Nimewaambia kitabu waniachie mimi. Kijana amekuwa na adabu, akataka kunitajia jina la kile wanachotumia.

Nimemzuia. Akishanitajia jina, mimi nitakuwa nimechagua nini?

Madaraja ni chuma na zege. Sikubali chini ya kilo nne.