Aliyenipiga Mimi Ndiye Bingwa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku mbaya. Nimekwenda kwa Mughwai kukamua alizeti, nimerudi na mafuta na hasira. Mafuta yatakwisha kwanza.

Foleni ya mashine ilikuwa ndefu. Tumekaa juu ya magunia, watu wazima wote, na kama kila msimu mabishano yakaanza: bondia gani alikuwa mkali kuliko wote mkoa huu miaka ya themanini? Nikasema Benjamin wa Kiomboi. Nilisema kwa upole kabisa. Shemeji yangu Clement, mwalimu mstaafu, mume wa dada yangu Raheli, mtu ambaye hata akimpiga mbu, mbu anaruka na kuendelea na safari, akakohoa na kusema ni Laurian wa Manyoni. Akasema hakuna mjadala. Akasema Benjamin alikuwa na nguvu za punda na akili za punda.

Punda!

Watu wakacheka. Clement anajua vizuri anachofanya. Mwaka 1984 nilipanda ulingoni na Benjamin, hapa hapa Singida mjini, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Aliniangusha raundi ya kwanza. Sikatai. Lakini kupigwa na bingwa nacho ni cheo. Miaka yote hii nimetembea hapa Mwankoko kifua mbele, Zefania aliyesimama na bondia mkali kuliko wote. Sasa kama mkali ni Laurian, basi mimi nilipigwa na punda tu.

Na safari hii si mabishano ya bure. Bi Magreth, mtendaji wa kata, alipita pale mashineni akasema vijana wameanzisha klabu ya ngumi na wanataka ipewe jina la bondia wa zamani. Wazee mkubaliane, alisema, Jumamosi mnipe jina moja, Jumatatu mchoraji aliandike ukutani. Ukutani! Kwa rangi! Kitakachoandikwa pale ndicho wajukuu watakachoamini.

Jumanne, 15 Julai

Mkakati: mashudu.

Kwa hoja huwezi kumshinda mwalimu, ana mdomo wa kulipwa pensheni. Lakini kila mtu wa foleni ile ana mifugo, na kila mwenye mifugo anapenda mashudu. Mimi nilikuwa na gunia zima, yaliyobaki baada ya kukamua jana. Asubuhi nimezunguka nyumba kwa nyumba. Huyu debe, yule debe. Sikuomba kitu. Nilisema tu, kama mtu anayeongelea mvua, kwamba Benjamin alikuwa bondia mzuri sana. Wote wakaitikia. Hosea, jirani yangu, alisema hata jogoo wake anamkubali Benjamin.

Jioni mashineni Mughwai akasema tupige kura ya mikono, tuone upepo. Mikono ya Laurian: yote. Hosea alinyoosha miwili! Nilipomkazia macho akasema mashudu yangu yalikuwa na mchanga.

Nyumbani mke wangu Marietha ameuliza mashudu ya nguruwe wake yako wapi. Nimemjibu yamekwenda kwenye siasa. Hakunipa chakula. Nguruwe nao hawakupata, na malalamiko yao yalisikika zaidi ya yangu.

Jumatano, 16 Julai

Ushahidi! Nimekumbuka nina picha ya pambano. Nimeitoa sandukuni, nimeifuta vumbi, nimeipeleka mashineni ndani ya bahasha safi.

Picha yenyewe ni nzuri. Benjamin amenyanyua mikono, misuli imetuna, uso wa simba. Mtu akitazama picha ile hawezi kusema punda. Wakaipokezana kwa heshima. Mughwai alifuta mikono ya mafuta kwanza. Nikaona mambo yananyooka.

Kisha Clement akavaa miwani. Akauliza mimi niko wapi. Nikamwonyesha chini, pembeni kabisa, nyayo mbili zimeelekea juu. Nikasema ni zangu. Akasema nyayo hazina jina. Akasema kitaalamu ingefaa zilinganishwe.

Nami, kwa kiburi tu, nikavua kiatu.

Soksi ilikuwa na tundu. Dole gumba lilitoka lote, likawatazama. Sijasikia watu wazima wakicheka namna ile tangu Mughwai aanguke ndani ya pipa la mafuta. Nimerudi nyumbani na kiatu kimoja mkononi, na bahasha nimeisahau. Watoto wa jirani walinisalimia shikamoo huku wameziba midomo yao kwa mikono.

Clement, Clement. Nilikula mahari ya dada yangu haraka mno. Ningekukagua kwanza.

Alhamisi, 17 Julai

Basi. Kama hawaamini picha, nitawaletea mwenyewe mzima.

Nimepanda basi la alfajiri mpaka Kiomboi. Kumpata Benjamin si kazi, kila mtu anamjua: ana kibanda cha kuziba pancha za baiskeli, jirani na stendi. Nimemkuta amekaa kwenye ndoo, mnene, nyonga moja mbovu. Nikamwamkia shikamoo, kanizidi miaka mitano. Akaitikia marahaba bila kuinua uso, akasema mchango wa kanisa ameshatoa.

Nikajitambulisha. Zefania! Singida mjini, themanini na nne! Akanitazama. Akatazama tairi. Akasema amepiga watu wengi, Mungu amsamehe.

Nikamwonyesha nilivyoanguka. Nililala pale chini kwenye udongo, mikono hivi, miguu hivi, mbele ya wateja wake. Hakukumbuka. Akasema Singida anakumbuka pambano moja tu, na kijana mmoja ambaye aliteleza kabla hajapigwa, akajigonga sakafuni, refa akahesabu. Alisema mpaka leo jambo lile linamwuma, maana ngumi yenyewe alikuwa bado hajaitupa.

Nikamwambia huyo alikuwa mwingine.

Alikuwa mwingine. Ukumbi ule walipigana watu wengi.

Amekubali kuja Jumamosi. Alikataa mpaka nilipotaja jogoo. Njiani kurudi nimejifuta udongo mgongoni, na moyo ulikuwa mzito, sikujua kwa nini. Mpango unakwenda vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimepanga mambo kama jenerali.

Watakuja wote nyumbani kwangu, na Bi Magreth. Jogoo ni yule mwekundu, kuku wa kienyeji hasa, si hawa wa chakula cha gunia. Na silaha yangu ni firigisi. Firigisi haipewi mtu ovyo. Jogoo mmoja ana firigisi moja, na anayeila mbele za watu ndiye mkubwa wa mahali pale, hakuna kura wala miwani. Kwangu naila mimi. Kwa Clement anaila Clement. Kesho itawekwa mbele ya Benjamin, yeye ataila, watu wote watashuhudia, Bi Magreth ataandika jina. Clement hataweza kubishana na firigisi iliyokwisha tumboni.

Nimemweleza Marietha. Amesema jogoo mwekundu ndiye pekee anayewatuliza majike. Nimemwambia historia inadai kafara. Amesema historia haitagi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika viti vikiwa bado havijarudishwa.

Walikuja wote. Viti havikutosha, Hosea akakaa kwenye kinu. Benjamin alishuka kwenye bajaji kwa shida, watu wakasimama wote, hata Clement. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikatoa hotuba fupi. Nilisema huu ndio mkono ulionigusa mimi.

Marietha akaleta ugali, akaleta jogoo. Firigisi ilikuwa juu kabisa, peke yake. Nikaisogeza kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya Benjamin. Bi Magreth akafungua kalamu.

Benjamin akaitazama firigisi ile. Akanawa mikono tena, polepole. Kisha akasema hawezi kuila. Akasema wakati Laurian wa Manyoni bado anapumua, hakuna bondia wa enzi zile mwenye haki ya firigisi mbele za watu.

Nilidhani anatania!

Akaendelea. Alisema mwaka 1985 Laurian alimpiga kule Manyoni raundi ya tatu, na taya lake mpaka leo linalia akipiga mwayo. Akatusogezea shavu tusikilize. Akapiga mwayo. Lililia kweli. Alisema ngumi ile haikuwa ya mtu wa kawaida, na kwamba yeye Benjamin akiulizwa alikuwa nani katika ngumi, hujibu kifua mbele: mimi nimepigwa na Laurian. Watu wakampigia makofi. Mimi nikashangaa sana. Mtu mzima, na mvi zake, kujivunia kipigo! Hana haya?

Akauliza ni nani pale anayesimama upande wa Laurian. Clement akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Benjamin akaichukua firigisi, firigisi ya jogoo wangu, ndani ya uwanja wangu, akampa kwa mikono miwili aile kwa niaba.

Clement aliitafuna muda mrefu. Macho ameyafumba. Alimeza, akasema Marietha amepatia chumvi. Bi Magreth alikuwa ameshaandika.

Waliondoka wanaimba. Benjamin aliniaga kwa jina la Zakaria.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda ibadani. Nimekaa nyuma ya nyumba na majike wasio na jogoo. Wananilaumu.

Dada Raheli alipiga simu kuniambia nisiweke moyoni, Clement ananipenda. Nikakata. Nina uchungu, na sitaki kuambiwa nisiwe nao. Miaka yote ile kumbe nilikuwa nasimulia kipigo ambacho mpigaji mwenyewe hakikumbuki. Hata adui yangu sikuwa naye peke yangu.

Mchana Marietha alikuja akakaa karibu nami na ungo wa mchele. Hakunicheka, jambo lililonitia wasiwasi. Alisema hakuna aliyewahi kuuliza kama nilipigwa na bingwa au na nani. Alisema yeye jioni ile ya 1984 alikuwa ukumbini na kaka zake, msichana wa Mwankoko anayetazama ngumi mara ya kwanza, na aliniona nimeanguka. Alisema pia aliniona nimeinuka, damu puani, nikamfuata Benjamin nikamshika mkono, kisha nikawaamkia wazee wote wa mstari wa mbele kabla ya kushuka ulingoni. Ndipo alipouliza yule kijana ni wa nani. Alisema kwake yeye pambano lilianzia hapo, na huyo Laurian hata hamjui.

Alisema na mengine. Sikuyashika yote. Nilikuwa nawaza Manyoni.

Maana fikiri. Benjamin kasema mwenyewe: Laurian bado anapumua.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepita klabuni kwa siri. Mchoraji kamaliza. Herufi nyekundu, kubwa kama mbuzi: LAURIAN. Vijana wanarukaruka mbele yake na hawajui chochote. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Badala ya hasira nimepata utulivu wa ajabu. Ukuta umeshasema. Sibishani na ukuta, mimi si mjinga.

Nimeulizia kwa makondakta wa stendi. Laurian yupo, mstaafu wa reli, anafuga mbuzi, ana miaka sabini na kitu na bado anapasua kuni mwenyewe. Anapasua kuni! Habari njema kabisa.

Jumanne, 22 Julai

Ninaandika ndani ya basi la Manyoni, mwandiko unaruka. Marietha nimemwambia nakwenda kutazama bei ya mbuzi. Ameniuliza kwa nini nimevaa shati jeupe. Damu inaonekana vizuri zaidi kwenye nyeupe, lakini hilo haliwezi kuelezwa kwa mke saa ya chai.

Nimebeba dumu la mafuta ya alizeti kama zawadi. Nitamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Nitakunywa maji, nitamwuliza hali ya mbuzi. Kisha nitaomba kitu kidogo tu, na nitaomba mwenyekiti wa kitongoji aitwe ashuhudie, na mtu mwenye simu nzuri apige picha. Safari hii sura yangu ionekane.

Nasali tu asiwe mpole. Wastaafu wengine hulegea wakianza kwenda kwaya. Akikataa nitamwambia Benjamin anamwita punda.

Tumeshapita Ikungi. Nimejipapasa mashavu yote mawili kwa makini, na nimechagua. Atanipiga la kushoto.