Shimo la Gaudensi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Msiba! Greda limekuja asubuhi na kuzika shimo langu. Kifusi, maji, shindilia, kwisha. Miaka yote hii limekaa mbele ya mgahawa wangu, barabara ya kutoka Kabungu kuingia Mpanda, likinisimamishia wateja bila kudai mshahara. Madereva wanaliita Shimo la Gaudensi. Gaudensi ndiye mimi. Nani mwingine hapa ana shimo lenye jina lake?

Mwenyekiti wa mtaa, Mama Pudensiana, akahutubia. Hicho ni kionjo tu, akasema, lami yenyewe inakuja, pana, na taa juu. Mji umekua, malori, bajaji na ng'ombe hawawezi kupanga foleni moja. Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Vénérande, mke wangu. Shukrani ya punda! Shimo hilohilo ndilo lililotukutanisha. Masika ya mwaka tisini na nane, hapa pori tupu, mji ulikuwa bado haujatufuata, basi la kutoka Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi, likazama siku tatu. Akashuka binti ana kuku kwapani. Nikampa chai. Bila tope, leo angekuwa Mishamo anapukuchua mahindi ya mwanamume mwingine.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna anayesimama. Wanapita, vumbi linabaki kwenye maandazi. Dereva mmoja alinipungia mkono. Kupunga hakuliwi.

Zamani! Basi likizama, hapa panakuwa mji. Wanakwaya, watu wa Mishamo na magunia ya maharage, mlokole akiwahubiria watu wasioweza kukimbia. Wote sinia moja. Jirani yangu Luhende akija na maksai kuvuta, anaimbiwa kama bwana harusi. Siku hizi watu wanafika waendako. Wanafika tu, hawajuani. Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 9 Mei

Nina mpango. Nimemfuata Luhende kwa siri: mimi nirudishe shimo, yeye alete maksai, tule wote. Akacheka mpaka akakohoa. Maksai wamezeeka, akasema, sasa anauza maziwa, na kwa barabara hii yanafika sokoni yameshaganda. Anataka lami hata kesho. Msaliti. Luhende wa zamani hakuwa hivi.

Jumapili, 11 Mei

Nilimwambia Vénérande tumbo linanisokota. Akaenda misa na binti yetu Lusia. Nikachimba. Nikamwaga maji ndoo kwa ndoo, nikakoroga kama ugali wa msibani, nikatandaza vumbi juu. Lilipendeza, jamani! Nikabandika supu, nikasubiri.

Mchana likanasa. Noah nyeupe, imejaa watu, imekalia tumbo. Nikatoka mbio na vikombe: karibuni wageni, supu ipo! Mlango ukafunguka. Mzee Ng'washi wa Kabungu, na suti. Washenga! Wamekuja kumposa Lusia. Siku niliipanga mwenyewe. Nilisahau kabisa.

Mposaji, kijana wao Malale, akakunja suruali. Haikutosha. Akaivua, akasukuma na bukta. Hapo hapo Vénérande, aliyekwisha rudi kutoka misa, akatoka nje. Kwao Malale, Usukumani, mkwe hamsogelei mama mkwe hata akiwa amevaa tai. Vénérande akajifunika kanga usoni, akarudi ndani kinyumenyume. Malale naye akakaa chini, tope mpaka kifuani, akagoma kutoka.

Luhende akaja na maksai wake wazee. Akawavuta wote. Hakunitazama.

Mzee Ng'washi akaongea taratibu, tope sikioni. Posa iliyozama haitolewi siku ileile, akasema. Watarudi njia ikipitika. Isipopitika, Kabungu nako kuna mabinti. Lusia hakulia. Alinitazama tu. Afadhali angelia.

Jumatatu, 12 Mei

Nimelifukia. Mikono yangu mwenyewe, na matofali yangu ya jiko jipya, yote. Vénérande akaja na karai, akasaidia. Halafu akasema, kila nikisimulia basi la Mishamo, naruka habari ya kuku. Kuku alikuwa wa dada yake, aliyejifungua mjini. Nilimchinja mimi, tukamla na dereva. Dada mtu akanywa uji mtupu. Vénérande alilia nyuma ya basi lile.

Miaka yote nilidhani machozi yale ni ya moshi wa jiko. Nikachukua karai, nikaenda kuzoa kifusi kingine.

Jumamosi, 24 Mei

Wamerudi, wasafi! Posa imepokelewa, Lusia anacheka peke yake jikoni. Mzee Ng'washi akasema wakwe aliokaa nao topeni anawajua kuliko aliokaa nao kwenye makochi. Luhende akaleta maziwa, mabichi kabisa. Wakakaa mpaka jioni, sinia moja, kama zamani. Moyo wangu ulijaa.

Wakati huo vijana wa vipimo vya lami walikuwa wanapigilia vigingi mbele yetu. Wakauliza kama wananchi tuna ombi. Nikasema moja tu. Tuta. Hapa hapa, mbele ya mgahawa, kwa usalama wa watoto. Kubwa, nikawaonyesha kwa mikono, kubwa kiasi kwamba dereva akilifikia, ashuke kwanza anywe chai.

Vénérande akanisikia. Akainuka, akaenda kuwafungia kuku wake bandani.