Mjane Wangu Halii Ipasavyo

Kwa Mkuu wa Idara ya Tiba ya Dharura,

Yah: Upungufu wa machozi kitanda namba nne

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kama mimi ninavyokuwa siku zote isipokuwa Alhamisi.

Mimi ndiye marehemu wa kitanda namba nne. Huu ni mwaka wa sita, kila Alhamisi saa nne asubuhi, nalala chini ya shuka katika chumba chenu cha mafunzo, nikiwa nimefariki kwa ajali ya pikipiki ambayo sijawahi hata kuipanda. Upande wa pili wa pazia, kwenye kiti cha plastiki, anakaa mke wangu wa ndoa. Wanafunzi wa udaktari huingia mmoja mmoja kujifunza namna ya kumpa mtu habari mbaya. Yeye hulia, na yule mtafiti wenu mwenye miwani huandika kwenye fomu amelia alama ngapi kati ya kumi. Kwa upande wa kufa sijawahi kulalamikiwa. Tatizo ni kilio.

1. Mwaka wa kwanza nilililiwa alama tisa. Mwaka jana nne. Alhamisi iliyopita nimepata mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anapiga chafya. Mtafiti amechora mstari wa huzuni hiyo akaubandika juu ya sinki, kila anayenawa mikono anaona nilivyoporomoka. Mke wangu eti anasingizia kelele za mashine ya hewa. Nimeikagua mwenyewe, haijachomekwa kwenye umeme tangu iletwe.

2. Maswali anayouliza si ya mfiwa. Mwanafunzi akishamwambia kwa upole kwamba walijitahidi ikashindikana, mke wangu huitikia haya mwanangu, pole na kazi, kisha humuuliza kama amekunywa chai. Binti mmoja aliambiwa asihuzunike sana kwa sababu mimi huchelewa kila mahali, kwa hiyo hata huko nitakuwa bado sijafika. Binti huyo alifaulu.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita tumbo lilinisokota nikiwa marehemu. Nikamwomba fundi seremala, anayeigiza mguu uliovunjika kitanda cha tano, anishikie nafasi chini ya shuka nikimbilie msalani. Nilivyorudi nikakuta mke wangu analia hadi anatetemeka, wauguzi wawili wamemshika. Alama kumi, Mheshimiwa, kwa mtu aliyetutengenezea meza inayoyumba. Mtafiti aliifuta kumi hiyo kwa sababu imemharibia mstari. Tulipotoka mke wangu alinipiga kwa mkoba begani. Tangu hapo nyumbani ni salamu tu. Na huyo fundi humwita shemeji kwa sauti laini ambayo sasa naielewa.

4. Kwa hiyo naomba mjane wangu aandikiwe barua ya onyo, na fundi apelekwe kwa walioungua, mbali na pazia letu. Pia mwanafunzi yeyote asifaulu mpaka nililiwe angalau saba. Najua huenda tukakosa madaktari kwa miaka kadhaa, lakini lazima tuanzie mahali.

Wasalimie wauguzi, mtafiti na mfagizi anayeegemeza ufagio kwenye miguu yangu. Msalimie pia mkeo. Usimjaribu kama atakulilia.

Wako katika mauti ya kila Alhamisi,
Marehemu, Kitanda Namba Nne

Nyongeza: Nilipokwenda kutafuta bahasha mke wangu aliisoma barua hii. Anasema mashine ya hewa ni mimi. Ati nikifunikwa tu shuka napitiwa na usingizi, nakoroma, na wanafunzi wanaona haya kusema wakidhani ni sehemu ya mtihani. Ameniuliza anawezaje kumlilia mtu anayekoroma hatua mbili kutoka kwake. Siku ile ya fundi hakujua kwamba nimetoka. Alisikia tu kimya. Aliniita mara mbili kupitia pazia, hakuna aliyeitika, ndipo akamwamini mwanafunzi.

Tafadhali ichane barua hii. Fundi abaki, ila aje aiangalie ile meza. Alhamisi nitafika na nitakoroma, na hizo alama mbili zinanitosha.