Nyapara Haoni, Anasikia Tu

Jumatatu, 4 Machi
Studio yetu ya filamu za harusi ina kompyuta tano na nyapara mmoja. Nyapara si mtu, ni programu. Anaikata filamu vipande, anavigawa kwa kompyuta zetu zivitengeneze, kisha anauliza nani yupo. Usipojibu anakuhesabu maiti, kazi yako anampa jirani. Atakayemaliza vipande vingi atahamia dirishani, chini ya feni. Miwani, jirani yangu, anasema kiti ni chake. Tutaona! Ijumaa ni zamu ya filamu ya harusi ya dada yangu. Mama alikuwa amelazwa, hakuiona. Anaisubiri kama mvua.

Jumanne, 5 Machi
Nimechomoa waya wa Miwani kwa kidole cha mguu. Nyapara akamtangaza marehemu, mzigo wake wote akanimwagia mimi! Kompyuta yangu ikakoroma, ikazima. Miwani kafufuka, kanipa pole. Mnafiki.

Jumatano, 6 Machi
Nyapara haoni, anasikia tu! Nimeifundisha kompyuta yangu kujibu "nipo" na "nimemaliza". Kazi haifanyi hata chembe. Mimi nacheza mpira wa kwenye skrini. Akili ni nywele, na mimi nina msitu. Ya dada? Wenzangu ni wachapakazi, wataifanya.

Alhamisi, 7 Machi
Anayemaliza upesi huongezewa. Sasa karibu kazi yote inakuja kwangu! Wenzangu wanapiga miayo. Bosi kawaambia waniige. Kiti nimepata! Miwani kauliza mbona kompyuta yangu haipati joto. Nikamjibu joto lote kalichukua yeye, la wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Bosi kaiwasha filamu ya dada. Bibi harusi anaingia mlangoni, halafu giza. Giza tupu! Kisha shemeji anakata keki. Bosi kauliza kama ndoa ilifungwa pangoni. Miwani kaigusa kompyuta yangu: baridi kama mtungi. Nikamfikiria mama. Machozi yakanitoka, mwanamume mzima.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani kasema lawama baadaye, mama kwanza. Kazi ikagawanywa upya kwa kompyuta nne, yangu ikafungiwa nje. Feni nimewaelekezea wao. Jioni mama katazama pete ikivishwa, kalia, karudia tena. Kamwita Miwani mwanangu. Nikameza wivu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi kwenye kiti changu cha zamani, konani. Bosi kamrekebisha nyapara: maneno matupu hayakubali tena, kwa kila kipande anataka picha kama ushahidi. Picha? Vema! Hakusema ya nani. Ninayo moja safi sana, nimekaa dirishani.